Mapumziko ya mchana wakati wa kaskazi yaandikwe katika kanuni, na yalipwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi, hulalamikiwa vijiweni na ndani ya daladala, kisha husahauliwa mara mvua za masika zinapoanza, nalo ni joto la pwani na jinsi tunavyowafanyisha watu kazi ndani yake. Nimefundisha baiolojia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa nafuga kuku, kwa hiyo nitawaombea binadamu kwa kupitia ndege. Nimeona kwamba mtu akiambiwa kuwa kibarua amezidiwa na joto hudhani anasimuliwa habari ya uvivu, lakini akionyeshwa kuku aliyeachama mdomo na kuyaachia mabawa yaning'inie, huelewa papo hapo kwamba kiumbe yule yuko taabuni, tena hukimbilia maji bila kuuliza.

Ndege hana tezi za jasho. Joto la kawaida la mwili wake ni takriban nyuzi 41 za Selsiasi, kiwango ambacho kwa binadamu ni homa ya kukimbizwa hospitalini, na ndege wengi hufa mwili ukikaribia nyuzi 46. Nafasi aliyo nayo kati ya uzima na kifo ni ndogo, na njia zake za kujiokoa zinategemea maji yanayogeuka mvuke. Wale kunguru wenye asili ya bara Hindi, ambao Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zimewachoka kwa kelele na wizi, mtu akiwatazama saa saba mchana wa Februari atawakuta kimya katika matawi ya ndani ya mwembe, midomo wazi, wakihema kwa kasi ili hewa ipite juu ya koo na vifuko vya ndani vilivyo na unyevu. Njiwa na tetere wana bahati zaidi, kwani hupitisha maji mengi katika ngozi yenyewe, jambo linalowapunguzia kazi ya kuhema. Korongo wakubwa wenye upara, wale kongoti wanaoshinda majalalani Kampala na Mwanza, hujinyea miguuni kwa makusudi ili majimaji yale yakikauka yapoze damu inayopita miguuni, na huo weupe wa miguu yao ambao wengi hudhani ni rangi ya kuzaliwa ni kinyesi kilichokauka.

Njia hizi zote zina gharama. Kuhema ni kazi ya misuli, na misuli inayofanya kazi hutoa joto jingine. Mfugaji wa kuku wa mayai anaijua gharama hiyo hata kama hajawahi kuelezwa sababu yake: katika miezi ya kaskazi mayai huanza kutoka na ganda jepesi linalopasuka kwenye trei, kwa sababu kuku anayehema mfululizo hupoteza kaboni dayoksaidi nyingi kutoka kwenye damu, na ganda la yai hujengwa kwa kalisi na kaboneti itokanayo na hewa hiyo hiyo. Ndiyo maana mfugaji mwangalifu hulisha alfajiri na jioni, maana kusaga chakula tumboni nako huleta joto, na mchana huwaachia kuku maji baridi na kivuli tu. Kuku wa nyama waliokaribia kuuzwa, wazito na wenye manyoya mengi, ndio hufa wa kwanza, ilhali kuku wa kienyeji wa kishingo, aliyenyimwa manyoya ya shingoni na kuchekwa kwa sura yake, huvumilia vizuri zaidi kuliko wenzake. Kwa maneno mengine, kuku tumeshamwandikia ratiba ya joto. Ningependa wasomaji walikumbuke hilo tutakapofika kwa fundi ujenzi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa hondohondo. Wengi tunamfahamu: jike huingia katika tundu la mti na kujiziba humo hadi ubaki ufa mwembamba tu, naye dume hubaki nje akiwa na kazi ya kumlisha yeye na makinda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamewafuatilia kwa miaka hondohondo wenye mdomo wa njano katika Hifadhi ya Mto Kuruman, kusini mwa jangwa la Kalahari, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2022 yanatisha. Kati ya mwaka 2008 na 2011, asilimia 58 ya viota vilifanikiwa kutoa kinda. Kati ya mwaka 2016 na 2019 vilivyofanikiwa vilikuwa asilimia 17, na wastani wa makinda kwa kila jaribio la kuzaa ulishuka kutoka 1.1 hadi 0.4. Pale ambapo wastani wa joto la juu la kila siku katika kipindi cha uzazi ulizidi nyuzi 35.7, hapakuwa na kiota hata kimoja kilichofaulu, na athari ya joto ilionekana hata katika miaka ambayo haikuwa ya ukame.

Wazazi wale wenyewe hawakuwa wakifa kwa joto. Kilichowaponza ni kwamba ndege anayehema mdomo wazi hawezi kushika panzi ipasavyo, na ndege aliyekimbilia kivulini hana panzi wa kushika. Dume akiendelea kuwinda juani anapoteza maji na kurudi na chakula kidogo. Akipumzika anaokoa maji yake lakini uzito wake haupandi, na ndani ya mti kuna midomo inayomsubiri. Zipo siku ambazo kila analolichagua ni hasara. Sijapata kuona maelezo bora zaidi ya hali ya kibarua wa mjini: akikaa chini ya mkungu saa saba mchana hapati hela ya siku, na akiendelea kubeba matofali hela hiyo anailipia kwa figo na moyo wake. Wanaosema «kwani nani amewazuia wasipumzike?» hawajamfikiria hondohondo.

Najua kuna atakayejibu kwamba Kalahari ni jangwa na kwamba kipimajoto cha Dar es Salaam hukifikia kiwango hicho cha nyuzi 35.7 kwa nadra. Ni kweli kwamba joto la juu la mchana katika miezi yetu mibaya huwa karibu na nyuzi 32 au 33. Lakini jibu hilo lina kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kwamba kipimajoto cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, kama vipimajoto vyote rasmi duniani, hukaa ndani ya kibanda cheupe chenye matundu, kivulini, juu kidogo ya usawa wa kifua cha mtu, wakati fundi wa kuezeka anafanya kazi juu ya bati lililowaka, na mwanzoni mwa Machi jua la utosi linapita juu ya Dar es Salaam bila kuacha kivuli cha maana hata ukutani.

Kasoro ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni unyevu wa hewa. Binadamu kwa jambo hili anafanana na njiwa kuliko kunguru, kwa kuwa hupoza mwili kupitia ngozi. Mtu anayefanya kazi nzito katika joto anaweza kutoa zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa, na lita moja ikigeuka mvuke wote huondoa mwilini takriban kilojuli 2,400 za joto. Sharti ni kwamba igeuke mvuke. Tone linalodondoka kutoka kwenye kidevu hadi kwenye sementi limepotea bure. Limechukua maji na chumvi ya mtu bila kumpoza. Hewa ikishakuwa na unyevu mwingi, kama ilivyo pwani kabla ya masika, jasho hukaa mwilini na kutiririka, nasi kwa makosa huona kwamba mtu anayelowa hivyo mwili wake unafanya kazi vizuri.

Wanasayansi hupima hali hiyo kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji, ambacho husoma chini kadiri maji yanavyoweza kukauka. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba mwili wa binadamu hushindwa kabisa kipimo hicho kikifika nyuzi 35; lakini majaribio yaliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania State nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba hata vijana wenye afya, wakifanya shughuli nyepesi tu, huanza kushindwa kudhibiti joto la miili yao karibu na nyuzi 31 za kipimo hicho hewa ikiwa na unyevu mwingi. Kubeba zege ghorofani si shughuli nyepesi.

Kwa ndege nako unyevu umeshaonyesha ukali wake. Tarehe 8 Novemba 2020, katika eneo la Pongola, kaskazini mwa jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, joto lilipanda hadi kati ya nyuzi 43 na 45 huku hewa ikiwa na unyevu usio wa kawaida kwa joto la namna hiyo, na siku ile ile zaidi ya ndege na popo 100 waliokotwa wamekufa. Ndege wa jangwani huvuka siku za joto kama hilo kwa sababu hewa yao ni kavu na mvuke unatoka bila kizuizi. Wale wa Pongola walihema wakashindwa.

Sasa nije kwa ratiba. Ndege wetu wengi, wakulima wetu, na hata wavuvi wa pwani wamekubaliana bila kuitisha kikao: kazi ni alfajiri na asubuhi, katikati ya mchana ni kivuli, kisha kazi tena jua likipungua. Mkulima wa Rufiji au Muheza huingia shambani kabla ya jua kuchomoza, na saa tano akionekana njiani anarudi na jembe begani hakuna anayemwita mvivu. Aliyebaki na ratiba ya ajabu ni mtu wa mjini, ambaye huanza saa mbili na kufikia uzito wa kazi yake kati ya saa sita na saa tisa, yaani saa zile zile ambazo hata kunguru amenyamaza. Wanaoumia zaidi si sisi wa ofisini wenye feni na viyoyozi. Ni mafundi, wasukuma mikokoteni wa Kariakoo, wafagia barabara, wachimba mitaro na askari wa usalama barabarani anayesimama njia panda akiwa amefunga vifungo vyote vya shati.

Sheria zetu hazijasahau mapumziko, ila hazikuyafikiria kwa upande wa joto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau dakika 60, lakini haisemi saa hiyo iangukie wakati gani wa siku, na haimlazimishi mwajiri kuilipia isipokuwa amemtaka mfanyakazi afanye kazi au awe tayari kwa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamwajibisha mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi. Mlango upo; kinachokosekana ni kanuni inayotaja joto kwa jina lake.

Jirani zetu wa upande wa pili wa Bahari ya Hindi, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na wengine wanakwenda kutafuta riziki, wamekwisha andika. Oman hukataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kuwait hukataza kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi alasiri katika miezi hiyo hiyo. Qatar, tangu mwaka 2021, hukataza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri kati ya Juni mosi na katikati ya Septemba, na juu ya hapo kazi lazima isimame saa yoyote ile kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, upepo na ukali wa jua kikizidi nyuzi 32.1.

Siwataji kama mfano wa ukamilifu. Saa peke yake haimwokoi mtu katika nchi kama Oman, ambayo mji wake wa Qurayyat, tarehe 26 Juni 2018, haukushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, kwa hiyo aliyepumzika mchana alirudi kazini jioni katika joto ambalo sisi hatujawahi kuliona hata adhuhuri. Kwa sababu hiyo naona kipengele cha Qatar cha kusimamisha kazi kwa kipimo ndicho chenye akili zaidi kuliko vyote. Hata hivyo, kwetu jioni huleta upepo wa baharini na usiku hupoa kiasi, kwa hiyo kanuni ya saa ingetusaidia kuliko inavyowasaidia wao, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya saa ya mkononi ya msimamizi.

Ninachopendekeza ni kwamba Waziri mwenye dhamana ya kazi atunge kanuni kwa mikoa ya pwani, itakayotumika kuanzia Desemba hadi Machi, ikizuia kazi nzito za juani kati ya saa sita na saa tisa mchana, na ikitamka wazi kwamba malipo ya siku ya kibarua hayatakatwa kwa ajili ya saa hizo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo roho ya pendekezo langu. Mapumziko yasiyolipwa yatakimbiwa na wale wale yaliyotungwa kwa ajili yao, kama dume la hondohondo linavyokiacha kivuli likisikia sauti za njaa kutoka mtini. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria kwamba kufikia mwaka 2030 joto litapoteza asilimia 2.2 ya saa zote za kazi duniani, sawa na nafasi za kazi milioni 80 za kutwa nzima. Hasara hiyo mwajiri anailipa hata sasa kwa kazi inayofanywa polepole na kwa makosa, isipokuwa haijaandikwa katika hesabu zake.

Wakandarasi watasema miradi itachelewa. Mimi si mhandisi, lakini nimeishi karibu na majengo ya kutosha kujua kwamba zege lililomwagwa katika jua kali hupoteza maji haraka na kupasuka, na kwamba msimamizi makini huchagua kumwaga asubuhi mapema au jioni, kisha hulifunika kwa magunia yaliyoloweshwa na kulinywesha maji kwa siku kadhaa. Zege lina kivuli, lina maji na lina ratiba. Kazi zianze saa kumi na mbili asubuhi, zisimame saa sita, zirudi saa tisa hadi jioni. Kazi itakayohitaji mpango mpya hapo ni usafiri wa alfajiri, hasa kwa wanawake, na hilo linazungumzika.

Nakiri kwamba kanuni hiyo haitamfikia mama lishe, machinga wala dereva wa bodaboda, kwa kuwa hawana mwajiri wa kushurutishwa. Kwao msaada ni kivuli na maji, na hapa halmashauri zetu zinapaswa kujibu kwa nini kila barabara inapopanuliwa miembe, mikungu na mikwaju hukatwa siku ya kwanza na kupanda mingine huachwa kuwa hiari ya siku ya mwisho. Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu waliacha vichochoro vyembamba ili nyumba moja iitilie kivuli nyingine, wakanenepesha kuta za mawe ya matumbawe na kuweka baraza za kukaa nje. Sisi tumejenga kuta nyembamba na bati bila dari, tukaondoa na mti uliokuwa uani. Mti mmoja mkubwa uliokatwa unawafukuza kwa pamoja tetere waliokuwa wakijipoza humo na muuza madafu aliyekuwa chini yake, na wote wawili huenda kubanana katika kivuli cha nguzo ya umeme.

Niongeze neno moja kuhusu shule, ingawa linastahili barua yake. Sudan Kusini ilizifunga shule zote mwezi Machi 2024 kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Sisi hatujafika huko, lakini zipo shule za Dar es Salaam ambako mtoto hutakiwa kuvaa sweta mwezi wa Februari kwa kuwa sweta ni sehemu ya sare, na kusimama paredi ya mchana juani akisikiliza matangazo. Mwalimu mkuu anaweza kulifuta hilo kesho asubuhi bila kusubiri waraka.

Wakati kanuni inasubiriwa, kila msimamizi wa kazi ajue dalili zinazomtaka asimamishe kazi mara moja: mtu aliyekuwa akifanya kazi vizuri akianza kuongea yasiyoeleweka, kuyumba, kutapika, au ngozi yake ikawa ya moto sana, huyo haambiwi akae kidogo apate nguvu. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa kwa nguvu huku usafiri wa hospitali ukitafutwa, na asilazimishwe kunywa ikiwa fahamu zimempungua. Joto la mwili likivuka nyuzi 40 katika hali hiyo, dakika zina thamani kuliko fomu za ajali kazini.

Kaskazi ijayo inaanza Desemba. Naomba Wizara, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi na vyama vya wafanyakazi wajibu hadharani, kupitia ukurasa huu ikiwezekana, kama kanuni hiyo inaweza kuwa tayari kabla ya hapo, na kama haiwezi, ni kifungu kipi cha sheria kinachoizuia.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam